Nguzo ya Mkate: Fedha, Mifupa na Meza ya Bwana katika Kazi ya Cildo Meireles

Mwaka 1987 msanii wa Brazil, Cildo Meireles, alitengeneza kazi aliyoipa jina la Kireno Missão/Missões, yaani misheni moja na misheni nyingi. Akaiongezea jina la pili: Jinsi ya kujenga makanisa makuu. Vifaa vyake vinahesabika. Kuna sarafu 600,000, hostia 800, mifupa ya ng'ombe 2,000, mawe ya sakafu 80 na kitambaa cheusi. Sarafu zimetandazwa chini kama maji ya bwawa. Mifupa imening'inizwa juu kama dari, na taa zimewekwa juu yake, hata mwanga unapenya katikati ya mifupa na kuangukia fedha. Mawe yanalizunguka bwawa. Kitambaa chepesi cheusi kinaizingira kazi yote kama chandarua. Katikati, kuanzia kwenye sarafu hadi kwenye mifupa, inasimama nguzo moja nyembamba mno. Nguzo hiyo ni ya hostia, ile mikate myembamba myeupe tunayoigawa katika Chakula cha Bwana, iliyopangwa mmoja juu ya mwingine.

Wataalamu huiita sanaa ya namna hii usimikaji. Msanii hachongi kinyago wala hachori picha ya kutundikwa ukutani. Anapanga vitu halisi katika chumba, na mtazamaji anaingia kati yake au anavizunguka. Ndiyo maana vifaa vyenyewe vina uzito wa neno. Sarafu ni sarafu, mfupa ni mfupa. Na hostia, kwa sisi tunaosimama nyuma ya meza ya Bwana kila tunapoadhimisha sakramenti, haiwezi kuwa pambo tu.

Nimeitazama kazi hii kwa picha na filamu, na kwa miaka kadhaa nimeionyesha kwa wanafunzi wa theolojia ninaowafundisha somo la sakramenti. Naiandikia hapa kwa sababu naamini ni mahubiri makali ambayo kanisa halikuyaagiza, na ambayo kanisa lina wajibu wa kuyasikiliza kwanza, kisha kuyapima kwa Neno. Katika makala haya nitafanya yote mawili.

Hesabu ya msanii

Meireles alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1948. Baba yake alifanya kazi katika idara ya serikali iliyoshughulikia wenyeji asilia wa Brazil, hivyo habari za watu waliouawa kwa ajili ya ardhi yao hakuzisoma vitabuni tu. Ujana wake uliangukia katika utawala wa kijeshi ulioanza mwaka 1964. Mwaka 1970 alichukua chupa za Coca-Cola, zile za kurudishwa kiwandani, akachapisha juu yake ujumbe wa kisiasa, kisha akazirudisha katika mzunguko. Chupa ikiwa tupu maandishi hayakuonekana vizuri. Ikijazwa soda nyeusi yalisomeka. Kampuni yenyewe ikawa mchukuzi wa barua asizozijua. Mwandishi wa habari Vladimir Herzog alipofia mikononi mwa wanajeshi mwaka 1975, Meireles alipiga mhuri kwenye noti za benki akiuliza nani aliyemuua, kisha akazitumia noti hizo dukani. Baadaye akachapisha noti zenye thamani ya sifuri, kwanza za cruzeiro ya Brazil, halafu za dola ya Marekani.

Kwa hiyo alipofika mwaka 1987 alikuwa na zoea la kuuliza swali moja: fedha inapopita, inabeba nini kingine, na nani anaibeba? Kazi ya misheni aliitengeneza kwa ajili ya maonyesho yaliyohusu historia ya Wajesuiti kusini mwa Brazil. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alitaka kitu kilicho wazi kama hesabu: nguvu ya mali, nguvu ya kiroho, na maafa yanayojirudia kila mara hizo mbili zinapoungana. Sarafu, hostia, mifupa.

Tena hesabu hiyo haikuwa ya karne ya 18 peke yake. Februari mwaka huohuo wa 1987 serikali ya Brazil ilisimamisha malipo ya riba kwa mabenki ya nje, kwa kuwa deni lilikuwa limeikaba nchi koo. Mwaka mmoja kabla yake nchi ilikuwa imebadili sarafu yake ili kupambana na mfumuko wa bei. Mbrazil aliyesimama mbele ya bwawa lile alijua vizuri kwamba fedha inaweza kung'aa miguuni pako na usiweze kununua chakula.

Jambo moja tusilipite haraka. Kazi hii ni nzuri. Mwanga wa sarafu unavuta, kitambaa cheusi kinaleta ukimya wa ibada, na macho yanapanda yenyewe kufuata ile nguzo nyeupe kuelekea juu, kama yanavyopanda katika kanisa kubwa lenye madirisha ya vioo vya rangi. Hapo ndipo macho yanapokutana na mifupa. Msanii ametumia mbinu za wajenzi wa makanisa ili tuonje kwanza mvuto wao, kisha tuone dari imeshikiliwa na nini. Mtu anayedhani kwamba sanaa ya kukosoa nguvu za uchumi ni kelele na mabango tu aitazame kazi hii kwa makini.

Je, ni haki kwa misheni?

Mkosoaji mwaminifu hana budi kuuliza kama hesabu hii inaitendea haki historia inayoigusa. Wajesuiti walianza kuwakusanya Waguarani katika vijiji vya misheni mwaka 1609. Vijiji hivyo vilifika 30, katika maeneo ambayo leo ni Paraguay, Argentina na Brazil, na katika ustawi wake viliishi zaidi ya watu 100,000. Ulikuwapo uonevu: watu walipangiwa maisha kwa kengele, mila zao nyingi zilizimwa, na magonjwa yaliyoletwa na wageni yaliwaua kwa maelfu. Lakini ulikuwapo pia ulinzi. Wawinda watumwa kutoka São Paulo walivamia vijiji vile mara kwa mara, na mwaka 1641 Waguarani, wakiwa na silaha walizopata kwa msaada wa mapadri, waliwapiga wawindaji hao katika vita vya Mbororé.

Uchumi wao ulikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na shamba la kila kaya, na kulikuwa na shamba la wote lililoitwa kwa Kiguarani tupambae, maana yake mali ya Mungu. Mazao ya tupambae, majani ya chai ya yerba mate na ngozi za ng'ombe viliuzwa hadi Buenos Aires. Vililisha wajane na yatima, vilijenga makanisa ya mawe, na vililipa kodi ya mfalme wa Hispania. Ng'ombe hao ndio ambao mifupa yao inaning'inia katika kazi ya Meireles.

Kisha mwaka 1750 wafalme wa Hispania na Ureno wakagawana ardhi kwa mkataba. Vijiji saba vilivyokuwa mashariki mwa mto Uruguay vikapewa Ureno, na Waguarani wakaambiwa wahame, waache makanisa, mashamba na makaburi ya wazee wao. Walikataa. Februari 1756, huko Caiboaté, majeshi ya wafalme hao wawili, waliokuwa mahasimu, yaliungana na kuua karibu Waguarani 1,500. Miaka michache baadaye Wajesuiti wenyewe walifukuzwa, mwaka 1759 katika milki za Ureno na mwaka 1767 katika milki za Hispania. Magofu ya kanisa la São Miguel bado yamesimama, na tangu mwaka 1983 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Ukiijua historia hii utaona mahali ambapo kazi ya Meireles imerahisisha mambo. Ndani yake hamna padri aliyebaki na kundi lake, wala Mguarani aliyesema hapana. Mtu mwenyewe hayumo; ng'ombe amesimama badala yake. Watu ambao maafa yaliwapata wamekuwa kimya katika kazi inayowalilia. Huo ni upungufu, na nausema bila kuogopa sifa za msanii.

Hata hivyo historia hiyohiyo inamrudishia Meireles ushindi katika jambo kubwa. Tupambae iliitwa mali ya Mungu, nayo kweli ililisha wajane. Lakini ilipofika siku ya kuamua ardhi ni ya nani, wafalme waliichukua kama mali yao, na jina la Mungu halikuwa na askari wa kuilinda. Wema wa mapadri wengi haukubadili muundo uliowabeba. Walikuwa wema ndani ya njia iliyoanza kwenye fedha na kuishia kwenye mifupa. Msanii anaposimamisha nguzo ya hostia katikati, hasemi kwamba kila mmisionari alikuwa mwovu. Anasema kwamba nguzo ilishikamana na vyote viwili, juu na chini, na kwamba bila nguzo hiyo dari lisingesimama.

Kilwa, Augsburg, Wittenberg

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani haya ni mambo ya ng'ambo. Basi na tuitazame Kilwa. Julai 1505 msafara wa meli za Ureno ulioongozwa na Francisco de Almeida ulifika huko. Mjerumani mmoja aliyekuwamo, Hans Mayr, ameacha taarifa ya yaliyotokea. Wareno waliuteka mji. Ndipo Wafransisko wakashuka pwani na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba wimbo wa kumsifu Mungu hadi kwenye jumba la sultani. Msalaba ukawekwa chini, kiongozi wa msafara akaomba, na baada ya maombi watu wakaanza kupora bidhaa na vyakula vya mji. Mwezi uliofuata Mombasa iliporwa na kuchomwa moto.

Hapo hatuhitaji msanii kutuchorea. Mali iko, mifupa iko, na katikati kuna maombi.

Fedha za msafara ule hazikuwa za mfalme wa Ureno peke yake. Wafanyabiashara wa Kijerumani waliweka mitaji yao humo wakitazamia faida ya viungo vya India, na miongoni mwao ilikuwamo nyumba ya Fugger ya mji wa Augsburg. Walutheri tunalijua jina hilo kwa njia nyingine. Miaka kama kumi baadaye Albrecht, askofu mkuu wa Mainz, alikopa kwa Fugger ili kulipia cheo chake. Kusudi alipe deni, aliruhusiwa kusimamia uuzaji wa vyeti vya msamaha: nusu ya mapato iende Roma kujenga kanisa la Mtakatifu Petro, nusu irudi kwa Fugger. Wakala wa Fugger alifuatana na wahubiri wa vyeti ili kuhesabu fedha. Jinsi ya kujenga makanisa makuu.

Katika hoja 95 za mwaka 1517 Luther aliugusa ujenzi huo moja kwa moja. Hoja ya 86 inahoji kwa nini Papa, kwa utajiri wake, asijenge kwa mfuko wake kuliko kwa fedha za waumini maskini. Hoja ya 50 inakwenda mbali zaidi: kati ya vifaa vinavyotumika kulijenga kanisa lile inataja mifupa ya kondoo. Sijui kama Meireles aliwahi kuisoma hoja hiyo. Lakini miaka 470 kabla ya kazi yake, mtawa wa Wittenberg alikuwa amekwisha kuinua macho darini akaona kitu kilekile.

Kwa hiyo Mlutheri anayeikasirikia kazi ya Meireles kuwa ni kejeli dhidi ya kanisa anapaswa kukumbuka kwamba Matengenezo yalianza na shutuma kama hiyohiyo. Wala tusijisifu kwamba shutuma hiyo ni ya wengine. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, bendera ya dola ya Ujerumani ikiwa imekwisha kupandishwa. Walituletea Neno katika lugha zetu, shule na hospitali, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini barabara waliyoipitia ilikuwa imefunguliwa kwa bunduki. Shukrani na ukweli vinaweza kukaa katika sentensi moja.

Swali la mwanafunzi

Darasani kwangu, kila ninapoionyesha kazi hii, hukosi mwanafunzi wa kuuliza: "Mchungaji, hizo hostia zimewekwa wakfu?" Wengine hucheka. Mimi hulipenda swali hili, kwa sababu linafungua mlango ambao, kwa maoni yangu, msanii mwenyewe hakuufungua.

Jibu la Kilutheri limo katika Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, sura ya saba. Mababa zetu walifundisha kwamba nje ya matumizi aliyoyaagiza Kristo hakuna sakramenti. Kristo alichukua mkate, akashukuru, akaumega, akawapa, nao wakala. Mkate uliofungiwa ili utazamwe, au uliobebwa katika maandamano, umeondolewa katika tendo hilo. Sakramenti imo katika kumega, kutoa na kula kama Kristo alivyoagiza, pamoja na Neno lake.

Sasa itazame tena ile nguzo. Hostia 800, na hakuna hata moja iliyomegwa. Hakuna aliyepewa. Hakuna aliyekula. Zimepangwa zikawa mhimili. Vivyo hivyo sarafu 600,000: hakuna hata moja inayonunua unga au dawa. Katika kazi hii mkate na fedha vimepatwa na msiba mmoja. Vyote viwili viliumbwa kupita mikononi, kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Vyote viwili vimesimamishwa na kurundikwa. Na juu ya vitu viwili visivyogawanywa imetanda mifupa.

Hapa ndipo ninapomkubali Meireles na kumpinga kwa pumzi moja. Hesabu yake inasema nguvu ya mali ikijumlishwa na nguvu ya kiroho huleta maafa. Naikubali, kwa mkate uliopangwa kuwa nguzo. Lakini huo si mkate wa usiku ule aliotolewa Bwana wetu. Paulo aliwaambia Wakorintho jambo linalokaribiana sana na hili. Katika 1 Wakorintho 11 matajiri walitangulia kula na kulewa, na wasio na kitu wakabaki na njaa, na mtume akatamka bila kupepesa kwamba kile walichokuwa wakikila hakikuwa Chakula cha Bwana. Walikuwa na mkate, divai, hata maneno labda. Kugawana ndiko kulikokosekana, na kukosekana kwake kuliibatilisha karamu yote. Tena Paulo anaendelea kusema kwamba kwa sababu hiyo wengi wao walikuwa dhaifu na wagonjwa, na wengine wamelala mauti. Mkate usiogawanywa huzaa mifupa. Mtume alilijua hilo.

Luther naye, katika maandiko yake ya mwaka 1519 juu ya sakramenti ya mwili wa Kristo, alifundisha kwamba anayekula mezani anapokea mizigo ya Kristo na ya watu wake wote, na wao wanapokea ya kwake. Mafundisho hayo hayakubaki hewani. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig huko Saxony ulitengeneza kanuni ya kasha la pamoja, na Luther akaiandikia dibaji. Mapato ya kanisa yaliwekwa katika kasha moja, yakasimamiwa na watu waliochaguliwa, na kati ya matumizi yake yalikuwamo mahitaji ya maskini, yatima na wazee wasiojiweza. Mwaka uliofuata Luther aliandika juu ya biashara na riba, akiyashutumu makampuni makubwa ya wakati wake kwa kuhodhi bidhaa na kupandisha bei. Alijua kwamba huwezi kuitengeneza meza ya Bwana na kuliacha soko kama lilivyo.

Kwa hiyo nguzo ya Meireles ni picha sahihi ya sakramenti iliyotekwa. Kama msanii anadhani ndiyo picha ya sakramenti yenyewe, hapo nasimama na kukataa. Mkate uliomegwa hauwezi kuwa nguzo. Jaribu kupanga vipande vilivyomegwa kimoja juu ya kingine mpaka darini, havitasimama. Kumega ndiko kunakoharibu ujenzi wa namna ile.

Mjane na mawe

Bado yako yale mawe 80 ya sakafu, ambayo wachambuzi wengi huyapita. Kwangu mimi yanakumbusha Injili ya Marko. Sisi wahubiri tumezoea kusoma habari za mjane na senti zake mbili katika Marko 12:41-44 na kuishia hapo, hasa siku ya harambee ya jengo. Tunamsifu mjane, tunawahimiza wengine wamfuate, na sanduku linazunguka. Lakini tusome aya ya 40 inayotangulia: Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Kisha tusome mwanzo wa sura ya 13: wanafunzi wanayashangaa mawe ya hekalu, na Yesu anawaambia kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Mjane amewekwa katikati ya shutuma na hukumu. Yesu aliuona moyo wake, akauheshimu. Pia aliliona jengo lililopokea riziki yake yote, na hakulitabiria mema.

Sarafu, sala na mawe, na mjane ambaye jioni ile hakuwa na chakula. Injili ina mambo ambayo kazi ya Meireles inayo, na ina zaidi: ina mtu mwenye uso, na ina Bwana aliyekaa kulielekea sanduku la hazina akitazama. Hilo ndilo ninalolikosa katika bwawa la sarafu. Meireles anaonyesha mfumo usio na mtazamaji ila sisi. Imani inasema kuna anayetazama kabla yetu, na kwamba anamtazama mjane.

Wengine watauliza sanaa ya namna hii imeleta badiliko gani. Leo kazi hii imo katika mkusanyo wa Jumba la Makumbusho la Blanton, mjini Austin, Texas. Imekwisha kuonyeshwa katika majumba makubwa ya Ulaya, likiwamo Tate Modern la London. Shutuma dhidi ya nguvu ya fedha imenunuliwa, imewekewa bima na kulindwa. Ni kweli, na ni udhaifu ambao sanaa ya aina hii haijautatua. Sarafu zile zinaendelea kung'aa bila kumlisha mtu. Lakini mhubiri asiwe mwepesi wa kurusha jiwe. Nasi tuna Amosi, tunamsoma madhabahuni, tunakunja kitabu, na tunakwenda kula. Neno la hukumu linaweza kuhifadhiwa vizuri sana mahali popote, hata mimbarani.

La kufanya ni kulitoa Neno hilo katika hifadhi. Washarika wetu wengi wanajua mnada wa baada ya ibada. Mama aliyekosa fedha amekuja na mayai au mkungu wa ndizi. Mwenye uwezo ananunua kwa bei kubwa kuliko ya sokoni, pengine anamwachia mtoto wa jirani kile alichokinunua. Kwa dakika kadhaa pale nje ya kanisa mali inapita mikononi inavyotakiwa kupita. Ni jambo dogo, nalo nalihesabu kuwa karibu zaidi na meza ya Bwana kuliko mahubiri mengi juu ya utoaji. Swali ni fedha hiyo inakwenda wapi baada ya kuhesabiwa ofisini.

Ndiyo sababu nawapa wanafunzi wangu zoezi moja, nami nalileta kwako, msomaji, hasa kama wewe ni mzee wa kanisa au mchungaji. Chukua makadirio ya mapato na matumizi ya usharika wako kwa mwaka huu. Yapange kama Meireles alivyopanga chumba chake. Chini weka kila kilichoingia: bahasha, ahadi, shukrani, mnada, na majina ya waliotoa kutoka katika upungufu wao. Juu weka kile ambacho fedha hiyo inakibeba: jengo, gari, posho, diakonia, mjane wa mtaa wa tatu, kijana aliyeshindwa kulipa ada. Kisha simama katikati, mahali pa mkate, na uulize kwa uaminifu ni kiasi gani kilichomegwa na ni kiasi gani kilichopangwa. Fanyeni hivyo katika baraza la wazee kabla ya kupitisha makadirio mapya, na Jumapili inayofuata nendeni mezani pa Bwana mkiwa na jibu hilo mikononi.